Mtama wa Watoto wa Nguruwe

Unga wa mtama ukitoka mashineni una harufu yake. Unanuka vumbi lililopata matone ya mvua, halafu nyuma yake kuna kitu kama mkate ulioanza kuungua, na ukitia mkono ndani ya gunia unakuta bado una moto. Mwezi uliopita nilikutana na harufu hiyo mjini, mtaa wa Sakina, kwenye duka la vyakula vya mifugo lililobanwa kati ya fundi wa pancha na muuza mitumba. Kijana wa duka alikuwa anafungua gunia, akaniambia bila kuulizwa, "Dada, siku hizi mahindi hayashikiki. Watu wa nguruwe wote wamehamia huku. Vile vidogo ukivipa mtama mweupe vinanenepa, hujawahi kuona." Nikamwambia nimewahi. Aliniangalia usoni, akaona sitaki maongezi, akarudi kwenye gunia lake.

Nyie nitawaambia, kwa sababu hamkumjua Shangazi Anaeli na hamtanipigia simu kunikumbusha kwamba marehemu hasemwi vibaya. Mimi nitamsema. Nimemvumilia akiwa hai, na nimekaa kanisani nikasikia akisifiwa akiwa ndani ya jeneza. Inatosha.

Nilikulia Kikwe, upande wa chini wa Meru, kule ambako mlima unauona vizuri lakini mvua yake huipati. Baba alikuwa fundi wa magari hapo hapo Sakina, akija nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya ibada, kwa hiyo wiki nzima boma lilikuwa la wanawake wawili waliochukiana. Mmoja alikuwa mama yangu, Mnyaturu wa Singida, ambaye Baba alimpata huko alipokwenda kutengeneza malori. Mwingine alikuwa Shangazi Anaeli, dada mkubwa wa Baba, aliyeolewa huko juu mlimani, ndoa ikamshinda, au yeye akaishinda ndoa, akarudi na sanduku lake na kuingia katika nyumba ya marehemu bibi. Mlango wake ulitazamana na wetu. Ukipiga chafya kwetu, kwake wanasikia, na alikuwa hasemi "afya".

Kwa Shangazi, mama yangu hakuwa na jina. Alikuwa "mla mtama". Kwetu chakula kilikuwa ndizi, makande, ugali mweupe wa mahindi, na loshoro ya mahindi na mtindi siku maziwa yakiganda vizuri. Mtama ulikuwa kitu cha ndege na cha watu wa nchi kavu wasiokuwa na bahati. Asubuhi Mama akifagia uwanja, Shangazi alisimama mlangoni akisema kwa sauti, kama mtu anayeongea na kuku, "Huyu mla mtama leo kaamka mapema, sijui kwao kuna msiba?" Mama aliendelea kufagia mpaka ukingoni mwa kizingiti cha Shangazi, akaacha takataka hapo.

Lazima niwaambie na hili, maana ndilo lililoleta yote: Shangazi hakula chungu cha Mama hata siku moja. Hata Krismasi. Nilitumwa na sahani iliyofunikwa kitambaa, nikasema shikamoo, akaitika marahaba kwa pua, na jioni sahani ilirudi na kitambaa chake kikiwa kimekunjwa vile vile, wali umekauka, nyama imeganda mafuta. Alipika mwenyewe, kwa chungu chake, kwa mahindi ya kipande chake cha shamba alichokatiwa na Baba. Aliapa mbele ya watu kwamba atakufa kabla hajala kitu kilichoshikwa na mkono wa Mnyaturu.

Nikiwa darasa la nne masika yalikatika wakati mahindi ndiyo kwanza yanabeba. Mashamba yote mpaka mferejini yalisimama yamekauka, ukipita katikati majani yanakukwaruza mikono. Mahindi ya dukani yakapanda mpaka watu wakawa wanaulizia bei ili walaani tu. Na katika wakati huo huo nguruwe wetu akazaa.

Alikuwa jike mweupe mwenye sikio lililochanika, tukimwita Mkaguzi, kwa sababu kila kitu lazima akinuse kwanza kabla hajakiruhusu. Alizaa watoto wengi, wote wazima, wanang'aa kama sabuni. Wakati wa kunyonya mambo yalikuwa mazuri. Tatizo la watoto wa nguruwe huanza wanapoachishwa. Maziwa yamekatika, tumbo halijazoea kitu kingine, na ukikosea chakula wanaharisha mfululizo mpaka banda zima linabaki kimya. Miaka yote Mama aliwaachisha kwa uji wa mahindi. Sasa mahindi hayakuwepo hata ya kwetu.

Shangazi aliona nafasi yake. Baba alipokuja Jumamosi alimkuta na Babu Mdogo, ndugu yake marehemu babu, mzee ambaye neno lake ndilo lilikuwa mwisho katika ukoo wetu, wamekaa kwenye viti chini ya paa la nyumba ya bibi. Shangazi alisema nguruwe auzwe, banda livunjwe, na mke akapumzike kwao Singida mpaka mvua irudi. Alilisema hilo neno la kupumzika kwa upole kabisa. Nilikuwa mdogo lakini nililijua. Mama wa rafiki yangu alipelekwa kupumzika kwao, na hakuna aliyekwenda kumrudisha.

Baba yangu alitazama viatu vyake. Mtu mwenye mikono ya kunyanyua injini, lakini mbele ya dada yake alikuwa hawezi kunyanyua kichwa. Hilo nalo nilimkasirikia, na sijui kama hasira imekwisha. Mama ndiye aliyesema. Aliomba aachiwe watoto wa nguruwe mpaka waachishwe na wakue, atawalisha mwenyewe.

"Utawalisha nini?" Shangazi akauliza. "Upepo?"

"Mtama," Mama akasema.

Walicheka. Babu Mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akatoa uamuzi, pengine kwa sababu alikuwa amefurahi: watoto wa nguruwe wakiishi na kunenepa, banda linabaki na Mama Nsia anabaki. Wakifa, watakaa tena kuzungumza mengine. Nsia ndiyo mimi. Tangu siku hiyo kila nilipopita bandani niliwaangalia wale wanyama nikijua kwamba wakifa, mama yangu atapanda basi na mimi nitabaki na Shangazi Anaeli.

Mjomba alituma mtama kwa lori la vitunguu kutoka Singida, Baba akaupokea Sakina na kuuleta. Ulikuwa mweupe. Mama alitia mkono ndani ya kila gunia, akatafuna punje, akahakikisha hakuna mwekundu uliochanganyika, kwa sababu ule mwekundu, alinieleza, ni wa pombe. Una ukakasi unaofunga ulimi, hata ndege wanauruka, na nguruwe mdogo akilishwa huo anadumaa. Shangazi alikuwa mlangoni akitazama magunia yanavyoshushwa. "Haya," akasema, "sasa hata nguruwe wameoa Singida."

Mashineni ilikuwa vita nyingine. Mnajua mashine ya kusaga: anayefuata hupata mabaki ya aliyetangulia. Hakuna mwanamke aliyetaka sembe yake ifuate mtama wetu, tena mtama wa nguruwe. Tulisimama tangu asubuhi na kila aliyefika alipitishwa mbele yetu. Waliongea Kimeru huku wakimtazama Mama, wakijua haelewi vizuri, na wakisahau kwamba mimi naelewa kila neno. Sitayarudia hapa. Mama alikaa juu ya gunia lake kama mtu aliyelipa kiti, na tulisagiwa wa mwisho, mashine ikiwa karibu kuzimwa.

Chakula chenyewe alikitengeneza hivi. Unga wa mtama mtupu ulikaa kwenye debe lenye mfuniko, kwenye kibanda kilichokuwa ubavuni mwa jiko. Kila kulisha alichota kiasi, akaloweka kwa maji ya vuguvugu, akaongeza dagaa waliotwangwa, mashudu ya alizeti kidogo kwa sababu yana makapi, na maharage ya soya aliyokuwa ameyakaanga. Hakuvichanganya vyote mapema kama alivyofanya miaka ya mahindi. Alisema dagaa wakikaa kwenye unga wanachacha. Watoto wa nguruwe walipochungulia mara ya kwanza walirudi nyuma, wakasubiri mama yao anuse. Mkaguzi alinusa, akala, nao wakaingia na miguu.

Walikula vizuri, na kwa wiki za mwanzo walikua. Halafu wakaacha kukua. Uti wa mgongo ukaonekana, wakawa wanapiga kelele kabla ya saa ya kulishwa. Mama alikuwa akisawazisha unga kwenye debe kwa kiganja na kuchora mstari juu yake kwa kidole, nami nikaanza kuona mstari umefutika. Debe lilipimwa kwa wiki, na wao walikuwa wanapata kilichobaki. Nikamwambia Mama kuna panya. Akasema panya hafuniki debe akishakula.

Shangazi naye aliona walivyokonda. Alimleta Babu Mdogo siku ya katikati ya wiki, Baba akiwa hayupo, akamsimamisha bandani. "Angalia mwenyewe, baba mdogo. Mtama unawaua. Mimi nilisema." Babu Mdogo alitikisa kichwa na kusema atarudi mvua za vuli zikianza, na safari hiyo hatacheka. Mama alikuwa ameshika ndoo. Alisubiri waondoke, ndipo akaimimina horini.

Kesho yake nilitumwa kwa Shangazi kurudisha shoka. Nilibisha hodi nikaingia kabla sijaitikiwa, kama watoto walivyo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, sufuria iko miguuni, na mkononi ana tonge. Ugali wa mahindi mnaujua rangi yake. Ule haukuwa mweupe. Ulikuwa na kijivu fulani cha udongo mkavu, na nyumba nzima ilikuwa inanuka mashine ya kusaga. Hakukuwa na mboga. Alikuwa anautowelea kwenye maji ya chumvi.

Tulitazamana. Hakuficha sufuria. Alimeza kwanza, ndipo akasema, "Umeona nini?"

"Shikamoo shangazi. Nimeleta shoka."

"Nimekuuliza umeona nini."

"Sijaona kitu."

"Vizuri. Siku ukiona, wale nguruwe wa mama yako watakula sumu ya panya. Weka shoka hapo."

Nilitoka mbio. Yule mwanamke alikuwa anawanyang'anya chakula watoto wa nguruwe, halafu anawaleta watu kuwaonyesha walivyokonda, ili mama yangu afukuzwe! Nilimkuta Mama anachambua mboga nikammwagia yote, pamoja na ile sumu. Nilitegemea atanyanyuka, avuke uwanja, na kwa mara ya kwanza tusikie kelele zikitoka upande wetu. Nilizihitaji hizo kelele. Mama aliendelea kuchambua mboga.

"Mahindi yake yameisha tangu lini?" akauliza.

"Sijui."

"Sawa. Funga mdomo wako. Hata baba yako asisikie."

Na akaanza kufanya jambo lililonitia wazimu. Unga wa nguruwe aliuhamishia chumbani, chini ya kitanda chake, ambako hakuna aliyeingia. Lile debe la kibandani akaliacha pale pale, na akawa analijaza. Siyo tu kulijaza. Alichukua chekecheo, lile la unga wa uji wa wageni, akaketi uwanjani na kuuchekecha ule mtama mpaka ukawa laini kama poda. Nikauliza kwa nini tunachekecha. Akasema watoto wa nguruwe matumbo yao ni mepesi. Lakini mimi ndiye niliyewalisha, na waliokuwa wakila bandani walikula unga wenye makapi yake. Nilimwona mama yangu mjinga. Nalisema kama lilivyo: nilimwona mtu aliyepigwa mpaka amezoea.

Watoto wa nguruwe walirudisha mwili. Nyama ilijaa mgongoni, mikia ikajikunja, wakawa wanasukumana kwenye hori mpaka ubao ukavunjika. Vuli ilipoanza na Babu Mdogo akaja, Jumamosi Baba akiwepo, Mkaguzi alikuwa amelala katikati ya watoto wenye makalio mapana kumzidi. Babu Mdogo aliwatazama muda mrefu. Hakucheka, kama alivyoahidi. Alisema, "Mama Nsia, banda ni lako," na mimi nikakimbilia nyuma ya choo kulia, kwa sababu sikutaka Shangazi aone.

Mama alikuwa amepika. Alikaribisha watu wote, akaandaa ugali wa ule mtama, kuku, na mchuzi. Wazee walionja kwa adabu, kisha wakala kwa kweli. Shangazi alikaa pembeni amefunga mikono. Mama alimpelekea maji ya kunawa, akainama mbele yake kama inavyotakiwa, akasema, "Karibu chakula, wifi."

"Mimi?" Shangazi alisema, na alihakikisha kila mtu anasikia. "Mimi sili chakula cha nguruwe."

Wengine waliguna, wengine wakacheka. Mimi nilifungua mdomo. Maneno yote yalikuwa yamepanga foleni kwenye ulimi: sufuria, maji ya chumvi, tonge. Ndipo kisigino cha Mama kilipokanyaga vidole vyangu, kwa nguvu kiasi kwamba ukucha ulikuja kung'oka baadaye. Aliendelea kutabasamu akimtazama Shangazi. "Haya, wifi," akasema, na akaondoa beseni.

Mvua zilirudi, mahindi yakashuka bei. Watoto wengine wa nguruwe walizaliwa na kulishwa, mara mahindi, mara mtama, kulingana na mwaka ulivyo. Lile debe la kibandani halikukauka. Niliondoka kwenda sekondari, nikaondoka kwenda kazini, na kila nikirudi likizo nilikuta Mama ana chekecheo mapajani. Shangazi naye hakubadilika. Aliendelea kumwita mla mtama mpaka meno yalipomtoka na matusi yakawa hayasikiki vizuri.

Mwishoni aliugua, akalala muda mrefu. Wali hakutaka, ndizi hakutaka, mtori aliusukuma. Alichoomba kilikuwa ugali wa mtama. Siyo wa dukani: "ule wa Mama Nsia." Alisema hivyo waziwazi, mbele ya wauguzi na wageni waliokuja kumwona, na Mama alimpikia, akamlisha kwa mkono wake wa Kinyaturu, kila siku, mpaka alipofariki.

Kanisani mchungaji alilisimulia hilo. Alisema hapa ndipo tunapoona upendo umeshinda, mawifi wawili waliokuwa mbalimbali, chungu kimoja kimewaunganisha. Watu walitoa vitambaa. Hata mimi, niliyekuwa nimekaa na ngumi zimekunjwa, nilianza kulainika. Nilimtazama mama yangu, mnyoofu ndani ya kanga yake, nikafikiri: kumbe miaka ile yote ilikuwa huruma. Alijua mwenzake ana njaa na ana kiburi, akamwekea chakula mahali ambapo angeweza kukichukua bila kuomba. Nikajiona mdogo kwa kumwita mjinga moyoni.

Baada ya watu kuondoka tuliketi wawili uwanjani, mlango wa ile nyumba nyingine ukiwa umefungwa kwa kufuli mbele yetu. Nikamwambia. Nikasema, "Mama, ulimhurumia sana Shangazi."

"Nani? Anaeli?" Aligeuka kunitazama kama nimesema kitu cha aibu. "Ningemhurumia ningempelekea gunia mbele ya watu. Angelikataa, au angelipokea akanishukuru, yakaisha. Mimi nilimwachia debe. Nilitaka aje mwenyewe, ainame mwenyewe, achote chakula cha nguruwe kwa mkono wake, halafu aende kwake akale akijua anakula nini."

"Na alijua kwamba unajua?"

"Unga wa nguruwe nani anauchekecha?" Mama akasema. "Alijua tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana alinitukana zaidi."

Nikamuuliza lile ambalo lilikuwa limebaki. Kama ilikuwa kumkomoa tu, basi makapi yangemkomoa zaidi. Kwa nini basi akae pale uwanjani miaka yote ile na chekecheo, akimlainishia?

Mama alikuwa anavua viatu vya msibani. Hakufikiri hata kidogo kabla ya kujibu.

"Nilitaka aupende," akasema.

Tangu darasa la nne nilikuwa nikimwonea mama yangu huruma kwa ule ukimya wake. Jioni ile, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, niliuelewa, na nikamwogopa. Nikatazama ule mlango wenye kufuli, na Shangazi Anaeli nikamwonea huruma kidogo. Kidogo tu. Sijamsamehe.